Siku Tano za Kambi Katika Visiwa vya Lamu

Mtu wa bara akipata likizo na akataka kwenda kulala hemani, mawazo yake humpeleka mlimani. Hufikiri Mlima Kenya, au Aberdare, au vilima vya Taita vilivyo karibu na njia ya reli. Hujiona ameketi kando ya moto, baridi ikimchoma mgongoni, na asubuhi ameshika fimbo tayari kupanda. Ni wachache wakumbukao kwamba hema laweza kupigwa pwani pia, tena katika nchi ambayo mlima wake mrefu kupita yote ni lundo la mchanga mweupe. Mkulima wa Nyeri akionyeshwa vilima vya Shela na kuambiwa kwamba ndiyo milima ya Lamu, hana budi kucheka. Mmoja wetu alitoka huko, naye alicheka sana, mpaka siku ya pili.

Tulikuwa watu sita, wengine wakulima na wengine makarani, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa karibu na bahari. Tulichagua mwezi wa Septemba, kwa kuwa upepo wa Kusi, ambao huvuma kwa ukali kuanzia Aprili, huanza kulegea wakati huo, na joto la Kaskazi bado halijafika. Tulichagua pia siku za mwezi mpevu. Jambo hili la mwezi hatukulijua sisi. Tuliambiwa na nahodha kwa barua kabla hatujaondoka makwetu, nasi tukadhani ni kwa ajili ya mwanga wa usiku tu. Nitaeleza baadaye.

Njia ya kwenda huko ni moja kwa wengi: basi kutoka Mombasa, kupitia Malindi, Garsen na Witu, mpaka Mokowe, mahali ambapo barabara hukomea majini. Ni safari ya siku nzima, na njiani kuna vituo vya askari ambapo abiria huonyesha vitambulisho. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2011 wageni walitekwa huko Kiwayu na Manda, na mwaka 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni. Kwa sababu hiyo yafaa mtu yeyote mwenye kutaka kulala nje ya mji apige ripoti kwanza polisi, aulize ni sehemu gani zinazofaa wakati huo, na asikilize jibu. Sisi tulifanya hivyo, tukaambiwa tusiende kaskazini karibu na mpaka wa Somalia. Basi Kiwayu hatukufika, ingawa tulitamani.

Kutoka Mokowe wavuka kwa mashua mpaka Lamu. Juu ya mji wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa umeandikwa mara nyingi tangu ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Fundi mmoja alituonyesha kwamba vyumba vyote vya kale ni vyembamba kwa kadiri moja, kwa sababu dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kupita mti wenyewe. Makarani wenzangu walipendezwa zaidi na nyumba ambayo Wadachi walifungua ndani yake ofisi ya posta mwaka 1888, wakaifunga mwaka 1891. Miaka mitatu tu ya kuuza stempu, na leo ni makumbusho! Ngome iliyo katikati ya mji ilikamilika yapata mwaka 1821, ikawa gereza kwa miaka mingi hata mwaka 1984.

Tulilala mjini usiku mmoja ili kutayarisha vyombo. Hema tulikuja nazo mbili. Mjini tulinunua makaa, mchele, nazi, viazi, vitunguu, tende na chumvi, tukakodi na jiko. Samaki, nahodha alisema, tusinunue, tutawapata njiani. Kisha akauliza, "Maji je?" Tukamwonyesha chupa zetu. Mzee yule, Mbajuni wa Faza mwenye ndevu nyeupe, alizitazama kwa upole kama mtu atazamavyo vitu vya watoto. "Wanangu," akasema, "kule mwendako hakuna kisima cha kunywa. Manda nzima haina." Akatupigia hesabu papo hapo gatini: watu wanane, yaani sisi sita, yeye na mjukuu wake, kila mtu lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, siku tatu za mwanzo, jumla lita 120. Basi tukajaza madumu sita ya lita 20 na kuyapanga chini ya mlingoti, mahali ambapo mabaharia hutia mchanga au mawe ili chombo kisilale. "Hayo ndiyo farumi yetu," akasema, "nayo yatapungua kila siku, kwa hiyo mketi vizuri."

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba katika visiwa hivi maji ndiyo yapangayo kila kitu: ya chumvi kwa kujaa na kupwa kwake, na ya kunywa kwa uchache wake.

Chombo chetu kilikuwa mashua yenye tanga moja na mashine ndogo ya akiba. Tuliondoka Lamu baada ya saa 8 mchana, maji yakijaa. Wasomaji wa bara wenye kujua mito tu huenda wasione jinsi ilivyo. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa bamvua, na katika pwani yetu kina chake huweza kutofautiana kiasi cha mita tatu na zaidi. Siku za kati, mwezi uwapo nusu, maji hayaendi mbali. Huitwa maji mafu. Sasa basi, mahali tulipokuwa tukienda, yaani Takwa katika kisiwa cha Manda, pana njia moja tu ya kuingilia kutoka upande wa Lamu, ni mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, nao maji yakipwa huwa tope tupu. Wakati wa bamvua, maji hujaa Lamu kiasi cha saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Ndiyo maana ya barua ya nahodha: alitaka tuingie jioni kabla ya giza na tutoke alfajiri, kila siku tukichelewa kidogo. Mtu asiyejua hesabu hii huweza kukaa topeni saa sita, akiliwa na mbu.

Tuliingia katikati ya mikoko kimya, tanga limeshushwa, mjukuu akisukuma kwa pondo. Kaa wekundu walikimbia juu ya mizizi. Mkulima wa Nyeri aliuliza kwa nini miti mingi hivi haikatwi ikauzwa. Nahodha akajibu kwamba ilikatwa sana. Boriti za Lamu zilipelekwa Arabuni kwa majahazi kila mwaka, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Samaki wachanga hukulia katika mizizi hiyo, alisema, na mvuvi akataye mikoko yote ni sawa na mfugaji achinjaye ndama.

Magofu ya Takwa yatunzwa na Makumbusho ya Taifa, nasi tuliomba ruhusa na kulipa ada kabla ya kupiga hema. Mji huu ulikaliwa katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukaachwa. Sasa ni kuta na mibuyu. Ukuta wa mji ungaliko sehemu nyingi. Nyumba zimeelekea kaskazini, upande wa kibla, na msikiti wa Ijumaa una nguzo ndefu iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo huoni misikitini siku hizi. Nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kuja kuomba mvua hapo, maana husema wazee wao walihamia Shela kutoka Takwa.

Kwa nini waliondoka? Wengine hutaja vita na watu wa Pate, wengine maradhi. Lakini neno lisikiwalo zaidi ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Mimi sikuwa na sababu ya kulikataa neno hili. Jioni ile nilizunguka katika nyumba zile nikiona jinsi watu wa kale walivyojenga vyoo na mahali pa kuogea ndani ya kila nyumba, kwa usafi ambao vijiji vingi vya leo havina, nikawaza kwamba watu waliojenga hivi hawakukusudia kuondoka. Mji mwingine uliokuwa kaskazini mwa kisiwa hiki, ambao ndio wenye jina la Manda, ulikuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9, kama vigae vilivyochimbuliwa na Neville Chittick kuanzia mwaka 1966 vilivyoonyesha. Nao pia hauna mtu.

Usiku mwezi ulitoka mwekundu, kisha ukawa mweupe, hata tuliweza kusoma saa zetu bila taa. Upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa dakika chache kwa miguu, bahari kuu ilikuwa ikinguruma. Tulikula wali wa nazi na changu wawili waliovuliwa na mjukuu. Mbu walikuwa wengi sana, na mwenye kudhani ya kwamba upepo wa baharini utamfukuzia mbu asidanganyike. Chandarua ni lazima, tena kisicho na tundu. Karani mmoja aliosha miguu yake kwa maji ya dumu. Nahodha hakusema kitu, lakini asubuhi tuliona madumu yamesogezwa karibu na mahali alipolala yeye.

Siku ya pili tulitoka kabla jua halijachomoza, maji yakiwa yamejaa, tukavuka mlango wa bahari mpaka Shela. Msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829, na mnara wake mweupe uliochongoka waonekana kutoka mbali. Hatukukaa kijijini, tulipanda vilima moja kwa moja, kabla mchanga haujapata moto.

Kupanda mchanga si kama kupanda udongo. Kila hatua mbili warudi moja. Hakuna jiwe la kushika wala mti wa kuegemea, ila majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, na nahodha alikuwa ametuonya tusiyang'oe kwa kuyashika, kwa kuwa ndiyo yashikayo mchanga usipeperuke. Tulipofika juu ya kilima cha kwanza tukaona kingine, na nyuma yake kingine, vimefuatana sambamba na pwani yote ya kusini. Upande mmoja ufuo umenyooka kiasi cha maili saba, hauna nyumba wala mti. Upande wa pili mashamba ya minazi na miembe, na mbali kidogo mji wa Lamu. Mwenzetu wa Nyeri aliketi chini, akavua viatu, akakiri kwamba miguu yake haikuuma hivi hata alipopanda Mlima Kenya. Kicheko cha jana kilikuwa kimekwisha.

Chini ya vilima hivi, yapata mwaka 1813, palipiganwa vita vya Shela. Watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishuka hapa na jeshi kubwa ili kuitiisha Lamu. Waamu waliwatokea wakawashinda, na walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa, wala havikuweza kwenda. Waliuawa wengi mno. Wazee husimulia kwamba mifupa ilionekana mchangani kwa miaka mingi upepo ulipoufukua. Baada ya ushindi huo Waamu waliogopa kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Maskati. Na kutoka hapo mamlaka ya Waomani yakaenea pwani yote. Historia yetu ya miaka zaidi ya mia moja iligeuzwa, kwa sehemu, na maji kupwa asubuhi moja hapa Shela.

Lakini jambo kubwa la vilima si vita. Tulipokuwa tukishuka upande wa bara, tulimkuta mzee akiteka maji kisimani. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akatuitikia na kutukaribisha kivulini. Alitupa kata tuonje: maji yalikuwa baridi na matamu. Kisha akatupeleka kwenye kisima kingine, mwendo wa dakika kumi kuelekea majumba, akasema, "Haya, onjeni na haya." Yalikuwa ya magadi. "Nilipokuwa kijana," akasema, "maji ya hapa tulikuwa tukipikia chai."

Habari yenyewe ni hii. Mvua inyeshapo juu ya mchanga haitiririki kwenda baharini kama ifanyavyo juu ya udongo mgumu. Huzama papo hapo. Huko chini hukusanyika, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa, kama mafuta yaeleavyo katika sufuria. Kadiri mchanga ulivyo mwingi juu, ndivyo akiba ilivyo kubwa chini. Visima vya Shela ndivyo vinywesheavyo mji wa Lamu. Ukivuta maji kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikiisha kuingia chumvi huchukua muda mrefu sana kupona, kama kitapona. Vivyo hivyo ukiondoa mchanga kwa kujengea, au ukiufunika kwa nyumba, mabwawa ya kuogelea na mashimo ya vyoo.

Serikali imevitangaza vilima hivi kuwa mahali pa kulindwa. Hata hivyo viwanja vimepimwa mpaka miguuni pake, na majumba ya kifahari yamepanda karibu mwaka kwa mwaka. Mzee yule hakuwa na chuki kwa wageni. Wanawe wawili wanafanya kazi katika nyumba hizo, na mshahara ndio ulimao shamba lake. "Sisemi wasijenge," alisema. "Nauliza tu, wakisha kujenga watakunywa nini?" Mkulima mmoja wetu akamwambia kwamba kwao nako watu walilima mpaka kwenye chemchemi, mto ukakauka, na wa kwanza kulalamika wakawa ndio waliolima. Wakakaa wakizungumza, mmoja kwa Kiswahili cha milimani na mmoja kwa Kiamu, wasielewane maneno yote, lakini shauri lao likawa moja kabisa. Sisi makarani tulisikiliza. Nakubali kwamba katika ofisi zetu ramani ya kiwanja ni karatasi tu, ina mistari na nambari; haionyeshi kilicho chini yake.

Tulirudi Takwa na maji ya jioni, saa 11, tukiwa na madumu mawili tuliyojaziwa na mzee yule, ambaye alikataa kupokea senti.

Siku ya tatu ilikuwa ya Pate. Tulitoka alfajiri tena, tukapita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao zamani haukupitika ila maji yajaapo. Saa 3 tulifika Mtangawanda, gati ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate. Nahodha akapeleka chombo kuzunguka kwenda Siyu, nasi tukaenda kwa miguu. Saa moja ya njia, na wafika mji wa Pate.

Mji huu uliotawala visiwa vyote wakati wa Wanabahani sasa ni kijiji cha nyumba ndefu zilizosongamana, na kando yake magofu makubwa ambayo watu wamelima tumbaku ndani yake. Wakulima wenzetu walisahau historia kabisa, wakachuchumaa kutazama tumbaku ile. Ilistawi vizuri mno, na mwenye shamba alieleza kwamba udongo wa mahali palipokaliwa na watu una rutuba. Kuta za kasri za kale humkingia miche upepo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, aliyaona majumba ya Pate yakianguka, akayatia katika utenzi wake. Sijui angesema nini juu ya tumbaku.

Kutoka Pate mpaka Siyu ni kama maili tano, njia ya mchanga katikati ya minazi na vichaka. Jua lilikuwa kali, na katika safari yote hakuna mahali tulipochoka kama hapa. Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono na mafundi wake ilisifika pwani, na kazi ya ngozi ingali yafanywa. Ngome yake, karibu na mkono wa bahari, ni ya karne ya 19. Katika miaka ya 1840 Bwana Mataka wa Siyu aliyashinda majeshi ya Seyyid Said, mtawala aliyeogopwa kutoka Maskati mpaka Kilwa. Siyu haikutii mpaka wakati wa Seyyid Majid, katika miaka ya 1860. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, na nadhani hakuna msomaji wa Kiswahili ambaye hajalisikia jina hilo.

Wazee wa Siyu walitupa ruhusa kupiga hema nje ya ngome. Chombo kiliingia na maji ya jioni. Kabla hatujapika, ikaja sinia ya wali na samaki wa kupaka, na ujumbe kwamba ni aibu wageni kuwasha jiko usiku wa kwanza.

Siku ya nne tulianza kurudi. Tulipotokea katika ghuba ya Manda, Kusi lilikuwa limeamka tena na kutukabili usoni. Tulibisha mara nne, kila mara mawimbi yakiingia ndani, mpaka nahodha akageuza usukani kuelekea kivuli cha mikoko na kutia nanga. Karani mwenzetu alisema likizo yake inakwisha keshokutwa. "Ndiyo, mwanangu," akajibu nahodha, "nami miaka yangu sabini naitaka ifike sabini na moja." Tukangoja tangu saa 4 mpaka saa 10.

Mahali tulipotia nanga tuliiona vizuri bandari mpya ya Lamu, huko Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Korongo za chuma zilisimama juu ya mikoko kama twiga. Kwa saa sita nilizotazama haikuingia meli, lakini siku moja si kipimo, na mjukuu wa nahodha aliniambia kwamba kaka yake amepata kazi huko. Nahodha mwenyewe alionyesha kwa kidole mahali alipokuwa akitega madema ujanani, ambapo sasa pamechimbwa ili meli zipite. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara hiyo. Nilimwuliza kama fedha zaweza kuwa badala ya bahari. Akafikiri. "Zingekuwa mashua kubwa ya kwenda mbali, pengine," akasema. "Lakini kijana akipewa fedha bila mashua, atanunua pikipiki, na Lamu hatuna njia ya kuipitishia."

Upepo ulipotulia tulipita Mkanda na kulala usiku wa mwisho katika mchanga wa Ras Kitau, mkabala na Shela. Vilima vilikuwa vyeupe chini ya mwezi, na chini yake taa za majumba. Tulizihesabu, tulipofika 60 tukaacha.

Kwa wenye kutaka kufanya safari kama hii, nitasema machache yaliyobaki. Tafuteni nahodha anayependekezwa na watu wawili wasiojuana, na mpatane bei kabla ya kupanda, pamoja na siku za kungoja upepo. Nguo za heshima ni lazima vijijini, kwa wanaume na wanawake. Takataka zote zirudi mjini. Mwezi wa Ramadhani si wakati mzuri wa kuwaomba watu wakupikie mchana. Na madumu yawe na vifuniko vinavyofunga sawasawa, kwa kuwa letu moja liliingia maji ya bahari tulipokuwa tukibisha.

Siku ya tano asubuhi tulishuka Mokowe. Dumu moja na nusu la maji matamu lilikuwa limesalia. Tulimwuliza nahodha kama tuyamwage ili chombo kiwe chepesi, naye akayafunika kwa gunia lenye maji, mbali na jua, akasema kwamba mkewe atayapikia chai.